SOMO LA WIKI: Kuchangia setilaiti ya sarafu za kidijitali, mwekezaji mdogo anapata nini?

Soko linapochangamka, bidhaa mpya hazikosekani mbele ya mwekezaji mdogo. Katika soko la sarafu za kidijitali, mojawapo ya bidhaa hizo imekuwa mwaliko wa kuchangia setilaiti ndogo itakayorushwa angani ili kuzihudumia sarafu hizo. Mwaliko wenyewe unavutia. Kiasi kinachoombwa ni kidogo, teknolojia ni ya kisasa, na wanaoombwa ni wengi, kwa hiyo hakuna anayebeba mzigo peke yake. Haba na haba hujaza kibaba. Somo la wiki hii linaangalia kibaba hicho hujazwa kwa faida ya nani, na ni kitu gani humrudia aliyechanga.

SETILAITI NA SARAFU ZINAHUSIANA VIPI?

Bitcoin, ambayo ndiyo sarafu inayojulikana zaidi katika kundi hili, ilianza kutumika Januari 2009. Haina benki kuu. Kumbukumbu za malipo yote huandikwa katika daftari moja ambalo nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta duniani. Kila baada ya dakika 10 hivi, ukurasa mpya wa malipo huongezwa katika daftari hilo, na kila kompyuta hutakiwa kuupata ukurasa huo ili nakala yake ilingane na za wengine.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyabiashara aliyepokea Bitcoin na asiyeweza kuuona ukurasa wa karibuni hana njia ya kuhakikisha mwenyewe kwamba amelipwa. Kurasa hizo husafiri kwa intaneti. Intaneti ikikatika, au ikizimwa, au ikiwa ghali mno, nakala yake hubaki nyuma. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la setilaiti: kurasa zitangazwe kutoka juu kama matangazo ya redio, na kila mwenye antena azipokee bila kumlipa mtu.

Mtu aliyelivumisha wazo hilo mapema ni Jeff Garzik wa Marekani, mmoja wa waandishi wa programu ya Bitcoin. Mwishoni mwa 2013 alieleza mpango alioupa jina la BitSat, chini ya kampuni yake ya Dunvegan Space Systems. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilitangaza kwamba kazi ya kutengeneza setilaiti ingefanywa na Deep Space Industries, kampuni nyingine ya Marekani. BitSat haikuruka. Deep Space Industries yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya Bradford Space mwanzoni mwa 2019.

BEI IMESHUKA, LAKINI SI BURE

Kilichofanya watu wa kawaida waanze kuchangia setilaiti ni kushuka kwa bei. Mwaka 1999 maprofesa wawili wa Marekani, Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs, walibuni kipimo kiitwacho CubeSat. Ni kisanduku chenye upande wa sentimeta 10, na uzito wake ni kilo moja na ushei. Visanduku viwili, vitatu au zaidi vinaweza kuunganishwa kuwa setilaiti moja.

Setilaiti kama hiyo haikodi roketi nzima. Husafirishwa kama mzigo wa kuchangia kontena, ambao wafanyabiashara wanaoleta bidhaa kutoka Dubai au Guangzhou wanaujua vizuri. Mwaka 2019 kampuni ya SpaceX ilitangaza safari za aina hiyo kwa bei ya dola milioni 1 kwa mzigo wa kilo 200, na tangu hapo bei imekuwa ikipanda. Kipimo kingine kipo karibu zaidi. Setilaiti ya Kenya, Taifa-1, iliyorushwa Aprili 15, 2023, ilitangazwa kugharimu shilingi za Kenya milioni 50. Hizo zilikuwa fedha za serikali, na wala kazi yake si ya sarafu, lakini tarakimu hiyo inampa msomaji picha ya ukubwa wa mtaji unaotakiwa.

Nauli ya roketi ni sehemu tu ya hesabu. Kuna kutengeneza chombo, kukifanyia majaribio, kulipia kituo cha ardhini, na kupata leseni ya masafa ya redio. Jambo la leseni si dogo. Januari 2018 kampuni ya Swarm Technologies ya Marekani ilirusha visetilaiti vinne kwa roketi ya India ilhali mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilikuwa imekataa kutoa kibali. Desemba mwaka huo ilikubali kulipa dola 900,000. Adhabu ya namna hiyo inaweza kumaliza fedha zote za mradi unaotegemea michango.

HESABU YA DAKIKA 10

Kabla ya kuuliza kama setilaiti itafika juu, mwekezaji aulize kama ikifika itafanya kazi iliyotajwa.

CubeSat huzunguka karibu na dunia, kwa kawaida kilometa mia kadhaa kutoka ardhini. Huizunguka dunia kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Kwa mtu aliye mahali pamoja, huonekana kwa dakika 10 au chini ya hapo, kisha huzama upande wa pili, na hupita mara chache tu kwa siku. Daftari la Bitcoin nalo huongezewa kurasa zipatazo 144 kwa siku. Mwenye duka anayetegemea setilaiti moja atakaa saa nyingi bila kuona ukurasa mpya. Ili asikose, zinatakiwa setilaiti nyingi zinazopokezana, na hapo gharama ya setilaiti moja huzidishwa mara nyingi.

Njia ya pili ni kutumia setilaiti kubwa zilizo umbali wa kilometa 35,786 juu ya mstari wa ikweta. Hizo huenda sambamba na mzunguko wa dunia, kwa hiyo kwa aliye chini huonekana zimesimama mahali pamoja. Ndizo zinazoleta picha za televisheni kwenye madishi ya nyumbani. Agosti 2017 kampuni ya Blockstream ilianza kutangaza daftari la Bitcoin kwa njia hiyo. Haikurusha chochote. Ilikodi nafasi katika setilaiti za kibiashara zilizokuwa tayari angani, ikaanza na Amerika, Ulaya na Afrika, na mwishoni mwa 2018 ikaongeza Asia na Pasifiki. Mpokeaji alihitaji dishi dogo, kipokezi cha bei nafuu na kompyuta.

Kwa mfanyabiashara, tofauti ni ile ya kujenga jengo na kupanga fremu. Mteja anayetaka kununua sukari hajali duka ni la nani. Aliyechangia ujenzi ndiye aliyebaki na mtaji uliofungwa, wakati mwenzake amelipa kodi ya miezi michache na biashara imeanza.

HISTORIA INASEMA NINI?

Michango ya umma kwa ajili ya vyombo vya angani ina historia ya kutosha kujifunzia.

KickSat. Mwaka 2011 Zac Manchester, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, alichangisha dola 74,586 kupitia kampuni ya Kickstarter. Wachangiaji walikuwa 315. Setilaiti yake ilibeba vipande 104 vidogo vya kielektroniki vilivyotakiwa kuachiliwa angani. Ilirushwa Aprili 18, 2014. Saa ya ndani ilivurugika na kuanza kuhesabu upya, na setilaiti ikaanguka na kuungua katikati ya Mei kabla ya kuachilia hata kipande kimoja. Chombo cha pili, KickSat-2, kilifanikiwa Machi 2019 kwa msaada wa shirika la NASA. Kutoka mchango hadi mafanikio ilipita miaka minane hivi.

ARKYD. Mwaka 2013 kampuni ya Planetary Resources ilichangisha dola milioni 1.5 kutoka kwa watu zaidi ya 17,000 kwa ajili ya darubini ya angani. Mwaka 2016 ilitangaza kuufuta mradi na kuwarudishia wachangiaji fedha zao. Huo ni uungwana usiopatikana kila mahali. Oktoba 2018 kampuni hiyo ilinunuliwa na ConsenSys, kampuni inayojishughulisha na sarafu ya Ethereum. Aliyechanga hakuwa mwenye hisa, kwa hiyo uuzaji huo haukumhusu.

SpaceChain. Kampuni hii ilianzishwa mwaka 2017, na Garzik alikuwa mmoja wa waanzilishi. Badala ya kuomba mchango, ilitoa tokeni yake iitwayo SPC. Kwa upande wa kazi, kulikuwa na matunda. Februari 2018 kifaa chake kilipanda katika setilaiti ndogo ya China, na Juni 2020 kifaa kilichokuwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga kilishiriki kuidhinisha malipo ya Bitcoin 0.0099. Lakini kifaa kufanya kazi ni jambo moja, na tokeni kuwa na wanunuzi sokoni ni jambo lingine. Mwenye tokeni hamiliki kipande cha kifaa hicho.

FEDHA ILIYOCHANGWA NA FEDHA YA KULIPIA

Kuna hatari moja ambayo wafanyabiashara wa fedha za kigeni wataitambua mara moja. Miradi ya namna hii mara nyingi hupokea michango kwa sarafu za kidijitali, lakini mwenye roketi na fundi hudai dola.

Mwishoni mwa Novemba 2013 Bitcoin moja ilivuka dola 1,000. Januari 2015 ilishuka hadi chini ya dola 200. Tuchukulie mfano wa mradi unaohitaji dola 200,000. Ukichangisha Bitcoin 200 kwa bei ya dola 1,000 kila moja, kibaba kimejaa. Mhasibu akizitunza bila kuzibadili hadi bei ifike dola 200, mkononi zimebaki dola 40,000. Hakuna aliyeiba wala roketi iliyolipuka, na mradi umekwisha. Kinyume chake pia hutokea: bei ikipanda mara tano, faida hubaki kwa mwenye mradi, kwani mchangiaji hakuahidiwa mgawo.

UMECHANGA, UMEKOPESHA AU UMENUNUA?

Swali hili ndilo kiini cha somo. Fedha inaweza kutoka mfukoni kwa njia nne, na kila moja ina haki zake.

Mchango ni kama wa harusi au harambee. Shukrani zipo, madai hakuna. Michango ya Kickstarter haitoi hisa. Mchangiaji hupewa ahadi ya zawadi, kama fulana au jina lake kuandikwa katika chombo. Kampuni hiyo hukata asilimia 5 pamoja na gharama za malipo, na haichukui jukumu la kurudisha fedha mradi ukikwama.

Mkopo una tarehe ya kurudishwa na riba. Hisa humfanya mtu kuwa mmiliki, mwenye kura na haki ya gawio likipatikana. Tokeni inaweza kuwa chochote kati ya hivyo, au isiwe hata kimoja, kutegemea maandishi yake. Julai 2017 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ilieleza kwamba baadhi ya tokeni huhesabiwa kuwa dhamana chini ya sheria, hata kama aliyezitoa ameziita jina lingine.

Kwa Afrika Mashariki, Benki Kuu ya Kenya iliutahadharisha umma kuhusu sarafu hizi Desemba 2015, na Benki Kuu ya Tanzania ikafanya hivyo Novemba 2019. Mwaka 2025 Kenya ilipitisha sheria ya kuwasimamia watoa huduma za mali hizo. Mwekezaji aelewe kwamba leseni ya mahali anaponunulia sarafu haidhamini setilaiti inayotangazwa na mtu mwingine.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTOA FEDHA

1. Karatasi inasema nini: ni mchango, mkopo, hisa au tokeni? Kama haisemi, ihesabiwe kuwa mchango.

2. Nafasi katika roketi imekwishalipiwa au inatarajiwa? Mwenye roketi ni nani?

3. Leseni ya masafa ya redio imetolewa na nchi gani?

4. Setilaiti ni ngapi, na mtumiaji wa chini atasubiri muda gani kati ya ujumbe mmoja na mwingine?

5. Kwa nini mradi usikodi nafasi katika setilaiti iliyopo?

6. Fedha zinatunzwa kwa sarafu gani, na nani ana mamlaka ya kuzitoa? Saini ya mtu mmoja haitoshi.

7. Setilaiti ikianza kazi, ni nani atakayelipia huduma yake, na kiasi gani kitamfikia aliyechanga?

8. Chombo kikipotea, fedha zilizobaki zinakwenda wapi?

Mradi ukishindwa kujibu swali la saba, hiyo si biashara kwa mchangiaji, hata kama ni sayansi nzuri. Apendaye sayansi hakatazwi kuchanga. Wachangiaji wa KickSat walisaidia jambo lililofanikiwa baadaye, na wengi wangeweza kuridhika na hilo. Ila katika daftari lake, mfanyabiashara aiandike fedha hiyo upande wa matumizi, pamoja na sadaka na michango ya harusi, wala asiihesabu katika mtaji. Aliyekopa ili achange, au aliyetoa fedha ya kununulia bidhaa za msimu, ameweka duka lake rehani kwa chombo ambacho hawezi kukigusa, kukitengeneza wala kukiuza.