SOMO LA MWEZI: MITI ILIYOJITAFUTIA MFALME

Someni kwanza: Waamuzi 8:22–35 na sura ya 9 yote.



Mtu akisimama katika migomba ya Old Moshi siku isiyo na ukungu, na kutazama upande wa kusini, auona mji wa Moshi huko chini tambarare. Katika mji ule, tangu tarehe 24 hata 26 Machi 1979, walikutanika wana wa Uganda waliokuwa wameikimbia nchi yao. Walifanya shauri jinsi nchi itakavyotawaliwa akiisha kuondoka Idi Amin; maana siku zile majeshi ya Tanzania, pamoja na wana wa Uganda waliopigana upande wao, yalikuwa yakiikaribia Kampala. Wakaunda umoja wao, wakamweka Yusuf Lule kuwa mkuu.

Twauliza: watu hawa walifikaje kuwa wakimbizi? Nchi yao ilikuwa na bunge, mahakama, vyama vya siasa, shule nzuri na makanisa mengi. Ni nani aliyempa Amin kiti? Tukijibu upesi tutasema, Alikitwaa kwa bunduki. Jibu hilo ni kweli, lakini si kweli yote.

Wazee wetu waliujua utawala wa nguvu uliotoka mbali. Mwaka 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli hapa Old Moshi, pamoja na wakuu wengine, wala watu hawakuulizwa neno. Lakini somo letu la leo ni juu ya mtawala wa namna nyingine, yaani yule ambaye watu wenyewe humfungulia mlango, na pengine humpigia vigelegele akiingia. Siku hizi watu humwita dikteta. Biblia yamjua tangu zamani.

I. HABARI YA ABIMELEKI

Gideoni alipokwisha kuwaokoa Waisraeli, walimtaka awatawale, yeye na mwanawe na mjukuu wake. Akakataa, akasema ya kuwa Bwana ndiye atakayewatawala. Lakini alipokufa, mwanawe Abimeleki aliwaendea watu wa Shekemu, jamaa za mama yake. Hakuja na upanga kwanza. Alikuja na maneno. Aliwauliza kama ni afadhali watawaliwe na watu sabini au na mtu mmoja, akawakumbusha ya kuwa yeye ni wa damu yao. Mioyo yao ikamwelekea, kwa kuwa walisema, Ni ndugu yetu. Wakampa fedha kutoka nyumba ya mungu wao; naye kwa fedha hiyo akawaajiri watu ovyo wamfuate, akawaua ndugu zake juu ya jiwe moja. Yothamu peke yake ndiye aliyejificha akapona.

Tazameni mpango wake: maneno matamu, kisha fedha, kisha watu wa kukodiwa, kisha damu. Watu wa Shekemu hawakushika kisu, lakini fedha iliyolipia kisu ilitoka kwao.

Ndipo Yothamu alipopanda mlima Gerizimu, akawatolea mfano. Miti ilitaka mfalme. Ikauendea mzeituni, na mtini, na mzabibu. Kila mmoja ukakataa, maana ulikuwa na kazi yake njema. Mwisho ikauendea mti wa miiba, nao ukakubali mara moja, ukaialika miti mingine ijikinge chini ya kivuli chake. Kivuli gani? Mti wa miiba hauna kivuli. Una moto tu. Baada ya miaka mitatu moto huo uliwateketeza watu wa Shekemu ndani ya ngome yao, na Abimeleki naye akaangamia.

II. MAMBO YALIYOTOKEA UGANDA

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Milton Obote alikuwa Waziri Mkuu, na mwaka 1963 Kabaka wa Buganda, Mutesa wa Pili, akawa Rais. Lakini nchi ilikuwa kama chungu kilichounganishwa vipande: kabila na kabila, dini na dini, chama na chama hawakuaminiana.

Mwaka ule wa 1962, kabla uhuru haujafika, kikosi cha askari kilichoongozwa na Amin kilishitakiwa kwamba kimeua watu katika nchi ya Waturkana. Waingereza walimwuliza Obote la kufanya. Yeye akaona haifai kumpeleka mahakamani mmoja wa maofisa Waafrika wachache waliokuwapo, na uhuru u karibu. Amin akapewa onyo tu. Huo ndio ufa wa kwanza.

Januari 1964 askari wa Tanganyika, Uganda na Kenya waliasi. Hapa kwetu jeshi lile lilivunjwa, likaundwa jingine. Huko Uganda askari waliongezewa mshahara, na Amin akaendelea kupanda cheo. Hivyo askari wakajifunza ya kuwa bunduki ikidai, hupewa.

Mwezi wa Februari 1966 wabunge walitaka uchunguzi juu ya dhahabu iliyotoka Kongo, ambayo Amin alitajwa, na Obote pia. Obote hakuungoja uchunguzi. Aliwakamata mawaziri watano katika mkutano wa baraza lake, akaiweka kando sheria kuu ya nchi, akampandisha Amin kuwa mkuu wa majeshi. Mwezi wa Aprili bunge likaletewa sheria kuu mpya, nalo likaipitisha siku ile ile, wabunge wasijaliwe nafasi ya kuisoma. Waliambiwa nakala watazikuta katika visanduku vyao vya barua. Tarehe 24 Mei Amin akaishambulia ikulu ya Kabaka, na Mutesa akakimbilia Uingereza. Uchaguzi uliotazamiwa mwaka 1967 haukufanyika. Mwaka 1969, baada ya Obote kupigwa risasi na kupona, vyama vya upinzani vikapigwa marufuku.

Basi, Amin alipotwaa serikali tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa safarini Singapore, alivunja nini? Sheria kuu ya kwanza ilikwisha kuvunjwa. Bunge lilikwisha kuzoea kuitikia. Uchaguzi ulikwisha kusahauliwa. Jeshi lilikwisha kuwa mwamuzi wa mashauri ya nchi. Milango yote aliyopitia Amin ilifunguliwa na yule aliyemtumia. Wahenga walisema, Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nao watu walifanyaje? Wengi katika Kampala walicheza barabarani. Amin alisema yeye ni askari, si mwanasiasa, tena atakaa muda tu mpaka uchaguzi. Aliwafungua wafungwa wa siasa. Aliuleta mwili wa Mutesa, aliyefariki London mwaka 1969, azikwe kwao. Serikali ya Uingereza ilimtambua upesi. Mwalimu Nyerere alikataa. Lakini katika mwaka ule ule wa vigelegele, askari wa Kiacholi na Kilango waliuawa kambini kwa wingi. Waliojua wengi walinyamaza, kwa kuwa waliouawa hawakuwa wa kwao.

Mwezi wa Agosti 1972 Wahindi wakapewa siku 90 watoke katika nchi, na wako waliofurahi kwa ajili ya maduka watakayoyapata. Tarehe 21 Septemba, kabla siku hizo hazijaisha, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa ndani ya Mahakama Kuu, asirudi tena. Mtu huyu alifungwa na Obote, akafunguliwa na Amin, akapewa ujaji na Amin. Na alipohukumu kwa haki, akaangamizwa na mkono ule ule uliomfungua. Mwaka 1976 Amin alitangazwa kuwa Rais wa maisha. Waliouawa katika miaka yake minane mara nyingi hukadiriwa kufika 300,000.

III. MAFUNDISHO YETU

Kwanza: sheria ivunjwapo kwa faida yetu, imevunjwa kwa hasara yetu. Mwaka 1966 waliompenda Obote waliona ya kuwa adui zao wameshindwa. Hawakufikiri ya kuwa ukuta uliobomolewa ili adui atoke, ndio mwizi atakaoingilia. Tusipime tendo la mtawala kwa kuuliza tu, Limemwumiza nani? Tuulize, Je, tendo hili likifanywa kesho na mtu nisiyempenda, nitakubali?

Pili: mti wa miiba hutawala pale miti mizuri inapokataa. Wakristo wengi husema, Siasa ni uchafu, sisi tushike dini. Kazi ya mzeituni ni njema, na mafuta yake ni mazuri. Lakini miti yote mizuri ikikataa, kiti hakibaki wazi. Mkristo aliyepewa akili ya kuhukumu na moyo usiopenda rushwa asikimbie baraza la kijiji wala halmashauri, akiitwa.

Tatu: vigelegele si ushahidi wa haki. Wachovu hufurahia badiliko lo lote. Mtawala mpya apimwe kwa jinsi anavyomtendea yule asiye na mtetezi, si kwa zawadi anazowapa wenye nguvu siku ya kwanza.

Nne: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Walipouawa Waacholi na Walango, wengine walinyamaza. Walipofukuzwa Wahindi, wengine walicheka. Hata zamu ilipowafikia wote, hakubaki wa kupiga yowe. Mungu alipomwuliza Kaini habari za ndugu yake, hakumwuliza kwanza ni wa kabila gani.

Tano: kumwondoa mbaya si kujenga nyumba. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Lule aliyechaguliwa Moshi alitawala siku 68 tu, akaondolewa. Aliyemfuata akaondolewa na wenye bunduki mwaka 1980. Na vita vikaendelea hata 1986. Mti wa miiba ulikatwa, lakini mizizi ya kutoaminiana ilibaki ardhini.

IV. IMETUPASA KUTENDAJE?

Wengine watasema, Je, Mtume Paulo hakutuagiza kuzitii mamlaka, katika Warumi 13? Ndiyo. Nasi Waluteri twakiri katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, sehemu ya 16, ya kuwa serikali ni agizo jema la Mungu, nasi tunapaswa kuitii isipotuamuru kutenda dhambi. Ndipo Matendo 5:29 linapotushika. Paulo amwita mtawala mtumishi wa Mungu. Na mtumishi yuko chini ya Bwana wake.

Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda alilijua jambo hili. Mwezi wa Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua, wakilalamika juu ya mauaji na dhuluma. Hawakuleta silaha wala matusi. Walileta ukweli na majina yao chini yake. Tarehe 16 Februari Luwum alikamatwa pamoja na mawaziri wawili, wakauawa. Serikali ilisema ni ajali ya motokaa. Nchi nzima ilijua.

Tena tusiwahukumu watu wa Uganda kana kwamba sisi tu bora. Ujerumani, nchi ya Luther, ambako wamisionari wa Leipzig walitoka kutuletea Injili katika milima hii, ilimpokea Hitler mwaka 1933. Hakuingia kwa kuvunja mlango: Rais alimwita, na bunge kwa kura likampa uwezo wa kutunga sheria pasipo bunge. Walikuwako Waluteri wengi waliofurahi. Na nchi yetu wenyewe ilikuwa na chama kimoja tu kwa sheria tangu 1965 hata 1992. Ujaribu huu ni wa watu wote.

Lakini tunao pia mfano wa kututia moyo. Mwaka 1960 Wachagga walikuwa na shauri kubwa juu ya cheo cha Mangi Mkuu, alichosimikiwa Thomas Marealle mwaka 1952. Wengine walimpenda sana, wengine walitaka mkuu atakayechaguliwa kwa muda. Maneno yalikuwa makali. Lakini jambo lilikatwa kwa kura, si kwa mikuki, na Solomon Eliufoo akachaguliwa kuwa Rais wa Wachagga. Watu walioshindana waliendelea kuchota maji katika mfereji mmoja.

Mwisho, ndugu, tuanze nyumbani. Uzoefu wa kuvunja kanuni hauanzi ikulu. Huanza katika usharika, pale mweka hazina asiposomewa hesabu zake kwa kuwa ni mtu wetu. Pale mzee wa kanisa anapoongezewa muda bila kura kwa kuwa twaona haya. Pale karatasi inapotiwa sahihi kabla haijasomwa. Aliye mwaminifu katika lililo dogo huwa mwaminifu katika lililo kubwa. Nao watu waliozoea kunyamaza mbele ya mzee mmoja, watasemaje mbele ya mwenye jeshi?

MASWALI KWA WALIMU NA DARASA

1. Watu wa Shekemu walimpa Abimeleki nini? Sisi huwapa watawala nini pasipo kufikiri?
2. Kwa nini mzeituni, mtini na mzabibu vilikataa? Je, vilifanya vema?
3. Taja milango aliyofunguliwa Amin kabla ya mwaka 1971. Ni upi ambao ungeweza kufungwa kwa urahisi?
4. Barua ya maaskofu haikumgeuza Amin. Je, ilikuwa bure?
5. Ni kanuni gani katika usharika wetu tumezoea kuiruka? Tutairudishaje?

TUOMBE

Ee Bwana, Mfalme wa kweli, ambaye ufalme wako si kama falme za dunia: wape watawala wetu hofu yako, na waamuzi wetu ujasiri. Utusamehe tulivyonyamaza jirani alipoumizwa. Utufundishe kupenda haki hata inapotupinga sisi wenyewe. Uilinde Tanzania, Uganda na nchi zote jirani, kwa ajili ya Yesu Kristo, Mwanao, Bwana wetu. Amina.