Dondoo muhimu: Yanayotukwamisha kuulinda ubongo

Tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2024 kwamba takriban asilimia 45 ya visa vya ugonjwa wa kusahau vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Anza hivi:

1. Usiache dawa za presha kwa kuwa hujisikii mgonjwa. Presha haiumi, lakini huharibu mishipa ya ubongo kimyakimya.
2. Huna muda wa mazoezi? Shuka daladala kituo kimoja kabla, utembee harakaharaka.
3. Ondoa chumvi mezani.
4. Mzee asiyesikia vizuri usimwache ajitenge barazani peke yake. Mpeleke akapimwe masikio.
5. Acha sigara, hata kama umevuta miaka 30. Hujachelewa.