SOMO: Uchaguzi uliorudiwa mara mbili

Leo tunatazama mji wa bandari wa Ipswich, Uingereza, wakati wa Malkia Victoria.

Mwaka 1841 Ipswich ilichagua wabunge wawili. Malalamiko yalipofikishwa bungeni, rushwa ilithibitishwa na matokeo yakafutwa. Juni 1842 ukafanyika uchaguzi mdogo, yaani wa kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Wakashinda wengine wawili. Nao wakaondolewa kwa rushwa ya mawakala wao. Agosti 1842 wapiga kura wakaitwa tena.

Kwa nini? Wabunge walibadilishwa, lakini namna ya kupiga kura ilibaki ileile. Kila mpiga kura alitamka hadharani jina la anayemchagua, likaandikwa kitabuni. Mtoa rushwa alihakikisha amepata alicholipia. Tajiri na mwenye nyumba walijua nani wa kumwadhibu.

Sheria ya kura ya siri ilikuja 1872. Rushwa haikwisha siku ile, ila mnunuzi alipoteza uhakika.

Tunajifunza kwamba kurudia uchaguzi peke yake hakutoshi. Siri ya kura humlinda mnyonge.

Swali la kikundi: Kwetu, nani anaweza kujua tumempigia nani kura? Tufanye nini ili asijue?