MGONGO WA MAMA WA WATOTO
Somo katika maradhi ya mgongo, haki za mke mgonjwa, na mas'ala ya kupasuliwa

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeleta maradhi akaleta na dawa yake. Na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Sahaba zake wote.

Amma baada ya hayo: Yapasa ijulikane ya kwamba njia ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikashuka Ujiji penye ziwa la Tanganyika, ilisimama juu ya migongo ya watu. Magari hayakuwako, na wanyama wa mizigo waliuawa kwa wingi na mbung'o. Kila pembe iliyoteremka pwani, na kila mtumba wa nguo na shanga uliopanda bara, ulichukuliwa na mwanadamu. Mzungu Burton alipofika Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857, aliwakuta Waarabu na watu wa pwani wamekwisha kufanya maskani yao huko. Mzigo wa mpagazi ulikadiriwa frasila mbili. Nayo frasila ni ratili 35, basi jumla yake ni karibu kilo 32. Hali hiyo ilidumu hatta reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na misafara ikafa.

Watu husema ya kuwa zama za upagazi zimepita. Lakini na ifanywe hesabu. Mtoto wa miaka miwili ana uzito wa karibu kilo 12. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni na kujitwisha ndoo kichwani amechukua kilo 32, yaani frasila mbili kamili za Unyanyembe. Tena mpagazi alikuwa na ujira wake, na jioni ana kambi ya kupumzikia. Mama huyu akiisha kutua ndoo huinama kufagia, huinama kuwasha moto, huinama kuosha watoto, na usiku huamka kunyonyesha. Basi upagazi haukufa, umehamia uani.

MITHALI YA NYUMBA MOJA

Na ipigwe mithali ya mtu wa Tabora, mwenye duka dogo, na mkewe, na watoto wao watatu, mkubwa ana miaka sita na mdogo bado yuko ziwani. Mke analalamika mgongo tangu uzazi wa mwisho. Mume anajibu ya kuwa mama yake yeye alizaa tisa wala hakusema neno. Baada ya miezi maumivu yanashuka kwenye paja hatta wayo, na mguu unaingia ganzi. Mume ananunua dawa ya kuchua. Hatta siku moja mke anashindwa kumwinua mtoto, na tabibu anataja kupasuliwa. Hapo ndipo mume anaposhtuka, akauliza maswali yote kwa pamoja: Ni lazima? Nani atalipa? Nani atalea watoto? Naye akikatwa mgongo, je, hatapooza?

Maswali haya ni ya haki, na kila moja lina jawabu. Kosa la mume huyu ni kuyauliza yakiwa yamechelewa.

MARADHI YENYEWE

Uti wa mgongo umepangwa kwa pingili, moja juu ya moja, na katikati yake hupita mishipa ya fahamu iendayo miguuni. Baina ya pingili na pingili pana kipande kilaini mfano wa mto, ili mifupa isisagane. Mto huo ukipasuka au ukitokeza nje, huweza kuubana mshipa wa fahamu. Ndipo maumivu yakashuka mguuni kama moto, ingawa mguu wenyewe hauna jeraha.

Wengi wa wenye maradhi haya hupata nafuu pasipo kupasuliwa, katika muda wa majuma sita hatta kumi na mawili. Wala dawa yake si kulala kitandani mwezi mzima, kama wengi wanavyodhani. Kulala sana hudhoofisha nyama za mgongo. Siku moja au mbili za kupumzika zatosha, kisha mgonjwa atembee kidogo kidogo, aache kuinua vizito, na atumie dawa za maumivu kwa agizo la tabibu. Kuumika si haramu, bali hijama imepokewa katika Sunna. Lakini haiwezi kuurudisha mto uliotoka mahali pake, wala haifai iwe sababu ya kuchelewa kwa tabibu.

Ziko dalili ambazo kila mume yampasa azihifadhi. Mgonjwa akishindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo ukakataa kutoka, au akapata ganzi katika sehemu zake za kukalia, au miguu yote miwili ikalegea, basi hilo ni jambo la saa, si jambo la siku. Apelekwe hospitali usiku huo huo. Akicheleweshwa, huenda asiipate tena nguvu ya miguu yake wala hifadhi ya tohara yake, hatta akipasuliwa na bingwa. Ama maumivu ya mgongo yenye homa, na jasho la usiku, na kukonda, huenda yakawa ni kifua kikuu kilichoingia katika mifupa; na maradhi hayo hutibiwa kwa vidonge vya miezi mingi, na mara nyingi hayahitaji kisu.

MAS'ALA YA KUPASULIWA

Wako wasemao ya kuwa kukubali kisu ni upungufu wa kumtegemea Mungu. Neno hili halina asili. Mtume (S.A.W.) aliulizwa na mabedui kama watumie dawa, akawaamrisha kujitibu. Na imepokewa katika Sahihi Muslim ya kuwa alimpeleka tabibu kwa Ubayy bin Kaab (R.A.), akamkata mshipa kisha akamchoma mahali pale kwa moto. Na Abulqasim Zahrawi wa Andalusia, Mwislamu aliyekufa yapata mwaka 1013, aliandika kitabu kikubwa cha utabibu, na sehemu yake ya mwisho ni ya upasuaji, pamoja na picha za vyombo vyake. Basi elimu hii si ya ugenini katika Uislamu.

Wala si kila kisu ni cha kukubaliwa. Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaj hukumu ya mtu mwenye uvimbe mwilini: yajuzu kwake kuukata, illa ikiwa kuukata kuna khatari na kuuacha hakuna khatari, au khatari ya kuukata ni kubwa zaidi. Hii ndiyo mizani, na mgongo hupimwa kwa mizani hiyo hiyo. Tabibu aulizwe: Kukiachwa patakuwaje? Kukikatwa patakuwaje? Ipi khatari iliyo kubwa?

Na jawabu la matabibu kwa maradhi ya mto uliotokeza ni hili. Pakiwa na dalili za khatari zilizotajwa, au mguu unazidi kulegea, kuacha ndiko kwenye khatari kubwa. Pakiwa na maumivu tu ya mguu, aliyepasuliwa hupata nafuu mapema zaidi. Lakini ukitimia mwaka mmoja, hali yake na ya yule aliyesubiri mara nyingi hukaribiana. Na upasuaji huondoa zaidi maumivu ya mguu kuliko maumivu ya mgongo wenyewe. Kupooza kwaweza kutokea, lakini ni nadra. Basi asiyelazimika ana hiari ya kungoja, na aliyelazimika asingoje.

Kwa watu wa Tabora, mwanzo wa njia ni Hospitali ya Kitete. Na akihitaji mabingwa wa mgongo, huenda Bugando katika Mwanza, au Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili katika Dar es Salaam. Umbali wa Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 800. Misafara iliukata mwendo huo kwa miezi; leo ni safari ya siku moja au mbili.

Ama tabibu mwanamume kumtazama mke: akipatikana tabibu mwanamke aliye hodari katika jambo hilo, yeye ndiye wa kutangulizwa. Asipopatikana, yajuzu kwa mwanamume, atazame mahali pa haja tu, na awepo mume au maharimu au mwanamke mwaminifu. Kumwacha mke apooze kwa wivu usio na hukumu si kuhifadhi heshima yake, bali ni kumdhulumu. Na ridhaa ya kupasuliwa ni yake yeye mwenye mgongo, baada ya kuelezwa.

NANI ATALIPA, NA NANI ATAHUDUMU

Hapa pana mas'ala ambayo baadhi ya waume huyashika upande mmoja. Ni kweli ya kwamba katika vitabu vya madhehebu ya Imam Shafi, thamani ya dawa na ujira wa tabibu havikuingizwa katika nafaka ya lazima. Lakini katika mlango huo huo wa Minhaj imeandikwa ya kwamba mke akihitaji kuhudumiwa kwa sababu ya maradhi, ni wajibu juu ya mume kumpatia mhudumu. Mwenye kulishika neno la kwanza na kulificha la pili, huyo hakutafuta hukumu, ametafuta kimbilio. Na wanavyuoni wa zama hizi, akiwamo Sheikh Wahba Zuhaily wa Sham, wameona ya kuwa matibabu leo ni haja kama chakula, na kwa hivyo ni juu ya mume. Ama mahari ya mke ni mali yake. Haichukuliwi kwa matibabu illa kwa radhi yake.

Na mhudumu asipopatikana kwa ujira, mikono ya mume ipo. Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu ya kuwa alikuwa katika kazi za ahali yake, na wakati wa sala ukifika hutoka. Naye Mtume (S.A.W.) alisali akiwa amemchukua mjukuu wake Umama, akimweka chini anaposujudu na kumwinua anaposimama. Basi mwanamume wa pwani aonaye aibu kumbeba mwanawe uani, na ajiulize ni heshima ya nani anayoilinda.

Baada ya kupasuliwa, kwa muda wa majuma sita hivi, mama haruhusiwi kuinua vizito, na mtoto wa miaka miwili ni kizito. Basi haya na yafanywe, na yaanzwe hatta kabla ya kupasuliwa. Mama aketi, mtoto apande mwenyewe mapajani pake. Asiinuliwe kutoka chini. Anyonyeshe akiwa amelala ubavu. Mtoto aogeshwe juu ya meza, na mtu mwingine. Jiko liinuliwe, na ufagio utiwe mpini mrefu. Maji yachotwe na mume kabla ya Alfajiri au baada ya Isha, na kinu kiondoke mikononi mwa mgonjwa. Mtoto mkubwa aelezwe ya kuwa mama hamchukii, ila mgongo wake unapona. Kwa kuwa mtoto asiyeelezwa hudhani ameachwa.

Na sala haimwondokei. Imran bin Husayn (R.A.) alikuwa mgonjwa, Mtume akamfundisha asali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa ubavu. Na awezaye kusimama lakini hawezi kuinama, asimame, na rukuu na sijida azifanye kwa kadiri awezavyo.

KHATIMA

Katika misafara, pembe iliyozidi nguvu za mtu mmoja haikuachwa njiani. Ilifungwa kwenye mti, wakaichukua watu wawili, huyu mbele na huyu nyuma. Na malezi ya watoto wadogo ni mzigo wa namna hiyo. Mume aliyeushika upande wake wa mti tangu mwanzo, huenda asimfikishe mkewe kwenye kisu. Na akimfikisha, watoto hawatakosa mkono wa kuwainua.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, na uwape waume huruma na wake subira, na uwalee watoto wetu katika kheri. Amin. Wallahu aalam.