Usiongeze Sauti ya Redio, Mdogo Wangu

Mdogo wangu, asubuhi ukiwasha gari linalia tik-tik-tik kama cherehani, nawe unaongeza sauti ya redio. Sikucheki, maana hata mimi nilifanya hivyo miezi mitatu. Gari likishapata moto kelele inapungua, unajidanganya limepona. Kumbe chuma kikipata joto hutanuka, kinaubana kidogo mwanya unaopitisha moshi. Kesho yake, kilio kilekile. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Fungua boneti. Ukiona masizi meusi pale manifodi ya moshi inapokutana na injini, hiyo ni gasketi ya ekzosi. Ni kipande chembamba tu, cha bati au grafati, kazi yake kuziba ili moshi uende bombani usipenye pembeni. Kikiungua, moshi unapenya.

Kelele ungeivumilia. Lakini moshi ule una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaweza kuingia ndani kupitia matundu ya feni. Nilikuwa nafika kazini kichwa kinapasuka, nasema njaa. Wanangu wanasinzia kiti cha nyuma, nasema shule imewachosha. Hilo likinijia usiku, usingizi unaniruka mpaka leo. Ukisikia kizunguzungu au kichefuchefu ndani ya gari, egesha, zima, shukeni wote mpate hewa, na kama hamtulii, hospitali. Gari lisitembee tena mpaka fundi alione.

Tena hewa ya nje ikipenya hapo kwenye gasketi huidanganya sensa ya oksijeni, injini inamwagiwa petroli zaidi, halafu unamnunia kijana wa kituo cha mafuta. Kakosa nini, maskini?

Sasa gereji. Yupo atakayekwambia, “Dada, tupake silikoni tu, inashika.” Kataa! Injini ikivuta mzigo, joto la pale huweza kupita nyuzi 600 za Selsiasi, silikoni haifiki huko. Wala usikubali gasketi kuukuu irudishwe. Ikishabonyea mara moja, kazi yake imekwisha.

Injini ipoe kwanza. Boliti zenye kutu zimwagiwe mafuta ya kulegeza, zipewe muda. Fundi mwenye haraka atakata boliti ndani ya silinda hedi, na kuitoa ni balaa jingine, pesa nyingine. Asafishe uso wa chuma, kisha aweke rula ya chuma juu ya manifodi: manifodi ikiwa imepinda, hata gasketi mpya itaungua. Kukaza aanzie katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, kwa spana ya kupima nguvu. Wewe simama hapohapo. Utaona aibu kuuliza, najua. Uliza hivyohivyo.

Kesho yake alfajiri, injini ikiwa baridi, washa gari. Redio iache imezimwa, usikilize.