Kutoka Mwakiro hadi Bustani ya Mimea ya Entebbe

Mtu wa Mwakiro akitaka kuona mimea iliyokusanywa kwa mpango, kila mti na jina lake na asili yake, hapati mahali pa namna hiyo Muyinga, Burundi. Gitega kuna Makumbusho ya Taifa tangu 1955, lakini kule utaona ngoma, vikapu na vyungu. Hifadhi ya Ruvubu, iliyotengwa mwaka 1980, ina mimea tele, ila ni pori. Hakuna aliyeitundikia vibao. Kilichokuwa karibu zaidi ni msitu wa majaribio wa Ruhande, mjini Huye, Rwanda, ambao ulianza kupandwa miaka ya 1930 na una ukubwa wa hekta 200 hivi, kila aina ya mti ikiwa na eneo lake. Lakini Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, kwa hiyo usifunge mzigo kwenda huko kabla ya kuulizia hali. Mimi ningekushauri uende Bustani ya Mimea ya Entebbe, Uganda, ukingoni mwa Ziwa Victoria.

Njia ni ndefu ila inaeleweka. Wa Gitega aje kwanza Muyinga mjini. Kutoka hapo unavuka Kobero kuingia Kabanga upande wa Tanzania, unapita Ngara na Biharamulo hadi Bukoba, kisha Mutukula ndipo unaingia Uganda na kushika barabara ya Masaka. Usitarajie kufika kwa siku moja. Beba pasipoti na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo ichomwe si chini ya siku kumi kabla ya safari, maana kabla ya hapo kadi haihesabiki. Ukishavuka Kobero sogeza saa yako mbele kwa saa moja. Wengi husahau, wakaachwa na basi huku wanakunywa chai. Faranga zetu hazitakusaidia mbele ya safari, basi badilisha pesa katika duka linalotambulika, usimpe kijana anayekimbilia dirisha la basi.

Majira mazuri ni kiangazi chetu, Julai na Agosti. Mavuno ya kahawa yanakuwa yamekwisha au yako ukingoni, mfukoni kuna kitu, na mvua kubwa za Entebbe za Machi hadi Mei zimeshapita.

Bustani ilianzishwa mwaka 1898, na msimamizi wake wa kwanza alikuwa Mskoti Alexander Whyte. Wakoloni hawakuipanda kwa ajili ya matembezi. Walitaka kujua ni zao gani litashika udongo wa Uganda na kuleta fedha, ndiyo maana kahawa, kakao na mpira vilijaribiwa pale. Miche ya namna hiyo ilivuka bahari ndani ya masanduku ya vioo yaliyofungwa, uvumbuzi wa daktari wa London, Nathaniel Ward, katika karne ya 19: maji yanayotoka kwenye majani hugandia kioo, yanarudi kwenye udongo, na mche unaishi miezi bila kumwagiliwa. Ulaya walijenga majumba mazima kwa fikra iyo hiyo ya kioo, kama lile la michikichi la bustani ya Kew, London, lililokamilika 1848. Entebbe haina haja ya kioo. Joto na unyevu wa ziwa vinatosha, na mchikichi unasimama nje unapigwa na mvua.

Fika asubuhi, ulipe kiingilio getini, na uombe mwongozaji anayejua Kiswahili. Wapo wanaokiongea, lakini usiposema mapema utapewa wa Kiingereza. Usibane matumizi hapa. Bila mwongozaji utaona miti mikubwa tu na kurudi. Usichanganye pia bustani hii na kituo cha wanyama kilicho jirani, maana dereva wa bodaboda anaweza kukushusha huko.

Anza na miti unayoijua. Simama mbele ya mgrevilea, ule ule unaozunguka mashamba yetu. Geuza jani lake lililochanwachanwa: juu kijani, chini linang'aa kama fedha. Asili yake ni Australia ya mashariki. Mkaratusi nao ni wa Australia. Mparachichi umetoka Meksiko na Amerika ya Kati. Kahawa ya arabika asili yake ni Ethiopia, na ilienea kwenye vilima vyetu miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji ulipowalazimisha wakulima kuipanda. Robusta ndiyo mwenyeji wa misitu ya Uganda. Ukimaliza mzunguko huo utakuwa umegundua kwamba nusu ya shamba lako ni wageni, na hilo pekee kwangu linalipa nauli.

Kwenye kibao soma jina la Kilatini kwanza. Neno la mbele ni ukoo, la pili ni aina, na hayo hayabadiliki ukivuka mpaka. Mti tunaouita umusave, Waganda wanauita nsambya. Kibao kinasema Markhamia lutea kwa wote. Ukikuta mti hauna kibao, muulize mwongozaji, kisha andika jina la Kilatini kwenye daftari lako.

Halafu ingia kwenye kipande cha msitu wa asili karibu na maji. Mizizi ya baadhi ya miti imesimama juu ya ardhi kupita kimo cha mtoto, mbega wanaruka juu, na ukitulia utasikia hondohondo wakipiga kelele. Utaambiwa pia filamu za Tarzan zilipigwa hapo. Sikiliza kwa heshima, uendelee. Cha kweli zaidi ni maji yenyewe: mto wetu Ruvubu unaungana na Nyabarongo karibu na Rusumo, unakuwa Kagera, na Kagera inamwagika katika ziwa hilo.

Usichume kitu, na usirudi na chipukizi la mgomba wala mche wa kahawa kwenye begi. Mnyauko wa migomba uliripotiwa Uganda mwaka 2001, na kufika 2010 ulikuwa umeingia Burundi. Chipukizi lililoambukizwa na panga lisilosafishwa ni njia zake kuu. Mmea wowote unaovuka mpaka unahitaji cheti cha afya ya mimea. Kama umusave au mti mwingine umekuvutia, jina unalo tayari kwenye daftari. Lipeleke kwenye kitalu cha miche cha tarafa yako mwezi wa Septemba, uweke oda kabla mvua hazijaanza.