Kuotesha Mwani katika Maji Machafu



Je, chama cha msingi chaweza kupata faida kwa kuotesha mwani katika maji machafu? Swali hili halijibiki kwa ndiyo au siyo tu. Faida ipo, lakini haipo mahali ambapo wengi huitazamia.

Mwani tunaouzungumzia hapa si ule unaolimwa baharini huko Paje na Jambiani, ukaanikwa na kuuzwa kwa kilo. Huu ni mmea mdogo mno, ambao upana wake ni elfu chache tu za milimita, na mtu hauoni mpaka ukusanyike kwa mamilioni na kuyageuza maji kuwa ya kijani. Aliyepata kuchota maji ya lambo wakati wa kiangazi anaufahamu. Chakula chake ni mwanga wa jua, hewa ya ukaa, naitrojeni na fosforasi. Yaani virutubisho vile vile tunavyovinunua katika mifuko ya mbolea. Mkojo na samadi ya zizi, maji yaliyooshea samaki na maji ya vyooni vimejaa virutubisho hivyo. Maji machafu, basi, ni mbolea isiyo na shamba.

Mbolea hiyo isipopewa shamba huelekea ziwani. Mto Mirongo, unaopita katikati ya mji wa Mwanza, hubeba uchafu wa mitaa hadi Ziwa Victoria, na vijito vya mashambani hufanya kazi hiyo hiyo kimya kimya. Vipimo vya mtaalamu J. F. Talling vya mwaka 1960 na 1961 vilipolinganishwa na vile vya miaka ya 1990, ilidhihirika kwamba mwani ziwani umeongezeka mara kadhaa na maji yamepungua uangavu wake. Tena aina zilizotawala si zile za zamani. Sasa ziliongoza zile za rangi ya kijani-samawati, ambazo kwa asili ni bakteria, na baadhi yake hutoa sumu inayodhuru ini. Mwaka 2005 watafiti B. C. Sekadende, T. J. Lyimo na R. Kurmayer walitangaza kwamba sumu hiyo, iitwayo mikrosistini, imeonekana katika maji ya Ghuba ya Mwanza.

Hapa yafaa tutue kidogo. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kuhara, lakini hakuiondoi sumu hii. Kwa hiyo utando wa kijani unaosukumwa na upepo hadi ufukweni usikusanywe kulishia ndama wala kuku, hata kama mtu amesikia kwamba mwani una protini nyingi. Ni kweli unayo. Mwani wa aina fulani huwa na protini inayofikia nusu ya uzito wake mkavu. Ila huo ni mwani uliochaguliwa na kutunzwa, si ule unaojiotea wenyewe mahali usipopajua.

Sasa tuangalie mwani unapotumikishwa. Mwaka 1957 Wamarekani wawili, William Oswald na Harold Gotaas, walieleza jinsi mwani na bakteria wanavyosaidiana bwawani. Bakteria huozesha uchafu na kutoa hewa ya ukaa; mwani huichukua hewa hiyo na, kwa nguvu ya jua, hurudisha oksijeni ambayo bakteria wanaihitaji. Hakuna mashine wala umeme. Mchana mwani unapofanya kazi kwa bidii maji hupungua asidi, na hali hiyo pamoja na mwanga huua vijidudu vingi vya tumboni. Mayai ya minyoo nayo huzama chini. Mabwawa ya kutibu majitaka ya Mwanza yaliyoko Ilemela hufanya kazi kwa kanuni hiyo.

Ugumu uko katika mavuno. Tuchukue bwawa la mita 10 kwa 10, lenye kina cha sentimita 30. Hilo lina lita 30,000. Likistawi vema, kila lita yaweza kuwa na gramu 0.2 hadi 0.3 za mwani mkavu, hivyo bwawa zima lina kilo 6 hadi 9 tu. Ukichuja kwa kanga, mwani wapita pamoja na maji. Mitambo ya kuutenganisha ni ghali, na kuukausha bila kuvunda ni kazi nyingine. Kwa maoni yetu, chama kinachowaahidi wanachama wake unga wa mwani wa kuuza kinawaahidi kisichokuwa na uwezo nacho.

Mvunaji wa bei nafuu ni samaki. Sato huchuja mwani majini na kuugeuza nyama. Mashariki ya mji wa Kolkata, India, wavuvi wamefuga samaki kwa majitaka ya mji kwa miongo mingi. Sisi tungeshauri chama kianze na maji ya zizi peke yake, na kiyaache kabisa maji ya vyooni, ya viwanda vya ngozi na ya gereji, kwa kuwa madini mazito huingia katika mwani na kisha katika samaki. Maji ya zizi yapite kwanza bwawa la kutuama, ndipo yaingie la samaki kidogo kidogo. Maji yanayobaki yamwagilie majani ya mifugo.

Mabwawa yawe nje ya mita 60 kutoka ufuko wa ziwa, kama inavyotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kabla ya kutoa maji yoyote nje, chama kiombe kibali katika Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Kingo zifyekwe, kwa maana konokono wa kichocho hupenda majani.

Usiku mwani hautoi oksijeni bali huitumia. Samaki wakionekana alfajiri wakihema juu ya maji, samadi imezidi. Kipimo chake ni rahisi: funga sahani nyeupe kwenye fimbo na kuizamisha. Ikipotea machoni kwenye sentimita 25 hadi 30, bwawa liko sawa. Ikipotea kabla ya sentimita 15, zuia maji ya zizi mpaka bwawa lipungue ukijani. Kipimo hicho kichukuliwe saa ile ile kila siku, na kuandikwa katika daftari la chama.